Giaboksi haina stiki: oili imeenda wapi, na utaipimaje?

Mteja anafungua boneti ya Mark X, anachomoa stiki ya oili ya injini, anaifuta, anairudisha. Kisha anaanza kutafuta ya pili. Anainama huku, anainama kule, anawasha tochi ya simu. "Fundi, stiki ya giaboksi iko wapi?"

Haipo. Haikudondoka njiani, na aliyemuuzia gari hakuing'oa. Waliokulia kwenye Corolla na Mark II za zamani walizoea stiki mbili, lakini magari mengi yanayoshuka siku hizi bandarini Dar es Salaam na Mombasa yana moja tu. Mark X na Crown za gia 6, X-Trail ya T32, Forester ya CVT (otomatiki isiyo na gia za hatua), BMW, Golf za DSG (otomatiki ya klachi mbili), zote hizo oili yake inapimwa ukiwa chini ya gari. Wauzaji wakaongezea neno tamu: oili hii ni ya maisha. Maisha ya nani, hawakusema. ZF, kampuni ya Ujerumani inayotengeneza giaboksi za BMW na Land Rover nyingi, yenyewe inashauri oili ibadilishwe kila baada ya kilomita 80,000 hadi 120,000, au miaka 8.

Kabla hujalala chini ya gari, weka jambo hili kichwani. Injini inaweza kula oili. Utaiona ikitoka moshi wa buluu kwenye ekzosi. Giaboksi haichomi oili, maana haina mahali pa kuichomea. Ikipungua, ama imevuja, ama aliyeigusa mara ya mwisho aliweka pungufu. Kwa hiyo kuongeza nusu lita na kuwasha gari ukaondoka ni sawa na kumpa mwenye kifua kikuu dawa ya kikohozi. Dalili zinazofuata nimezipanga kwa namna wateja wanavyozieleza, kisha tutaingia kwenye kupima kwenyewe.

"Asubuhi naweka D, gari linajifikiria kwanza"

Unaweka D, unaachia breki, gari halisogei. Sekunde mbili, tatu, kisha linashika kwa mstuko mdogo. Hesabu sekunde hizo, na uangalie zinatokea lini.

Likichelewa mara ya kwanza tu baada ya kulala usiku kucha, halafu likawa zima siku nzima, huenda oili iliyokuwa kwenye tokikonveta (chombo kinachounganisha injini na giaboksi kwa nguvu ya oili) imeshuka usiku kwenye sampo, yaani bakuli la oili chini ya giaboksi, na pampu inahitaji muda kuijaza tena. Oili pungufu kidogo inaleta dalili hiyohiyo, kwa hiyo hapo kupima ni lazima. Likichelewa kila unapoweka D au R, hata mchana, basi oili imepungua sana, au chujio limeziba, au pampu imechoka.

Angalia pia kama ni gia zote mbili. D ikishika vizuri na R peke yake ikasuasua, usikimbilie kununua oili. Oili ikipungua mara nyingi haichagui gia. Tatizo la gia moja mara nyingi liko kwenye klachi au siili za gia hiyo, ndani kabisa.

"Kwenye kona na mlimani linapandisha resi bila kwenda"

Hii ndiyo dalili ninayoiamini kuliko zote. Pampu ya giaboksi inavuta oili kupitia chujio lililo chini kwenye sampo. Oili ikiwa pungufu na gari likainuka pua, kama pale unapopanda mlima Kitonga, au ukakata kona ya mzunguko kwa kasi, oili inakimbilia upande mmoja na pampu inavuta hewa. Presha inaanguka, klachi zinaachia, injini inalia bila gari kusonga. Ukifika tambarare, kila kitu kinarudi kama hakikutokea. Mteja anakuja gereji, fundi anaendesha barabara iliyonyooka, anasema gari ni zima. Wanabishana bure.

Klachi zilizokwisha zina tabia tofauti. Zinateleza hata kwenye tambarare, hasa oili ikishapata moto, na mara nyingi kwenye gia ileile: kila linapoingia ya 3, kwa mfano. Kwa hiyo muulize mwenye gari swali moja: linateleza *wapi*, au linateleza *gia gani*? Akijibu kwa kutaja mahali, pima oili. Akijibu kwa kutaja gia, pima oili pia, lakini andaa mfuko.

Kuna na mlio. Pampu inayovuta hewa huimba wimbo mwembamba unaopanda na resi, hata gari likiwa limesimama. Usiuchanganye na pampu ya usukani, ambayo hulalamika zaidi unapokata usukani hadi mwisho.

"Lilikuwa zima. Nimefanya servisi, ndiyo likaanza"

Hapa nitakaa kidogo, maana malalamiko haya yanaongezeka na kila mtu anamlaumu mwenzake.

Oili hutanuka ikipata joto. Giaboksi yenye lita 8, ikipanda kutoka nyuzi 40 hadi 80, oili yake inaongezeka ujazo kwa karibu robo lita bila mtu kuweka tone. Ndani ya sampo kuna kijibomba kifupi kilichosimama wima, na chini yake kuna bolti. Ukifungua bolti hiyo, oili yote iliyo juu ya mdomo wa kijibomba inamwagika. Iliyo chini inabaki. Urefu wa kijibomba ndiyo alama ya "full". Lakini alama hiyo ni ya kweli kwenye joto moja tu, injini ikiwa inaunguruma. Kwa magari mengi ni kati ya nyuzi 35 na 45, au karibu na hapo. Kitabu cha gari lako ndicho kinachoamua.

Sasa tazama namna watu wanavyokosea. Aliyefungua bolti wakati oili ni ya moto sana, labda gari limetoka safari, amemwaga oili iliyotanuka. Ikipoa, itakuwa pungufu. Aliyefungua injini ikiwa imezimwa amekosea vilevile, kwa sababu oili ya kwenye tokikonveta na njia zake huanza kurudi kwenye sampo, inapanda juu ya kijibomba na inamwagika ilhali inahitajika. Na aliyejaza injini ikiwa imewaka lakini oili bado baridi anaweka nyingi. Ikipata moto inazidi.

Kuzidi nako ni ugonjwa. Oili ikifika kwenye vyuma vinavyozunguka, inapigwa hadi inatoa povu. Povu linabonyea, oili haibonyei, kwa hiyo presha inapotea na gari linateleza kama vile oili ni pungufu. Ndiyo maana kuongeza kwa kubahatisha kunaweza kuharibu zaidi: dalili ni zilezile, unaongeza tena, inazidi tena. Ukiona oili imerukia juu ya giaboksi na si chini, kagua kipumulio. Iliyozidi hutokea hapo.

Sababu ya tatu ni oili isiyo yake. Huku mtaani vyote vyekundu vinaitwa "haidroliki", na hapo ndipo mambo yanapoharibikia. Toyota yenye giaboksi ya gia 6 inataka oili ya WS, ambayo ni nyepesi. Ukiiwekea T-IV au Dexron III ya zamani inabadilisha gia vibaya. CVT ni hatari zaidi, kwa sababu inategemea mkanda au mnyororo wa chuma unaobana kwenye puli, na oili yake imetengenezwa ili chuma kishike chuma. Nissan wana NS-2 na NS-3, Toyota wana yao, Subaru wana yao. CVT iliyowekewa oili ya otomatiki ya kawaida isiendeshwe hata hadi nyumbani. Imwagwe palepale.

Na kuna kosa la tundu. Kwenye Subaru, difa ya mbele imo ndani ya umbo lilelile la giaboksi lakini ina oili yake na bolti yake ya kumwagia. Wapo waliomwaga oili ya difa wakidhani ni ya giaboksi, kisha wakaongeza lita kadhaa kwenye giaboksi iliyokuwa imejaa. Gari linatoka gereji na magonjwa mawili.

Doa jekundu kwenye sakafu

Tandika boksi la katoni chini ya gari usiku, weka alama ya mahali matairi ya mbele yalipo. Asubuhi katoni itakusimulia. Doa la mbele kabisa, karibu na rejeta, ni mipira au mabomba yanayopeleka oili kupoozwa. Katikati ni gasketi ya sampo, bolti iliyokazwa bila washa mpya, au plagi ya nyaya inayoingia kwenye giaboksi. Nyuma, kwa gari linalovuta kwa matairi ya nyuma, ni siili ya pale propela inapoingia. Kwa linalovuta mbele, tazama siili za shafti za matairi pande zote mbili.

Maji yasiyo na rangi ni ya kiyoyozi, yaache. Jekundu lililo juu upande wa usukani laweza kuwa la pampu ya usukani, ambayo kwenye magari mengi hutumia oili ya aina hiyohiyo.

BMW na Land Rover zenye ZF ya gia 6 zina mahali pake panapojulikana: soketi ya plastiki ambamo plagi ya nyaya inaingia. Oringi zake hukauka, oili inashuka taratibu, na watu wanabadilisha sampo mara mbili kabla hawajagundua. Sampo yenyewe nayo ni ya plastiki na chujio limo ndani yake, kwa hiyo ukibadilisha chujio unabadilisha sampo nzima. Mercedes zenye giaboksi ya 722.6 zina ujanja mwingine: siili ya plagi ikifa, oili hupanda ndani ya nyaya kidogokidogo hadi kwenye kompyuta ya giaboksi. Gari linaanza kuzingua umeme, chanzo ni oringi.

Oili yenye rangi ya maziwa

Ikitoka ya waridi, kama maziwa yaliyotiwa rangi, simamisha kazi yote. Maji ya rejeta yameingia kwenye giaboksi. Kwenye magari mengi oili hupoozwa ndani ya rejeta yenyewe, na ukuta unaotenganisha ukipasuka vitu viwili vinakutana. Nissan Pathfinder za kati ya 2005 na 2010 zilipata sifa mbaya kwa hilo. Kupima kiwango hapa hakuna maana. Rejeta ibadilishwe, oili yote isafishwe, na uwe tayari kwa habari mbaya, kwa sababu maji hulainisha gundi inayoshika bitana za klachi.

Kabla hujailaumu oili

Kishindo unapotoka P kwenda D, hasa kama kinasikika kwenye bodi zima, mara nyingi ni maunti (mipira inayoishikilia kwenye bodi) za injini au za giaboksi zilizochoka. Mwambie mtu abadilishe gia huku amekanyaga breki, wewe tazama injini: ikiruka kama mbuzi, umepata jibu bila kushika spana.

Taa ikiwaka kwenye dashibodi na gari likagoma kubadili gia, soma kwanza kodi za hitilafu, zile namba zinazosomwa kwa skana. P0730 inasema uwiano wa gia haulingani, maana yake kuna kitu kinateleza. Hapo kiwango cha oili kinahusika. P0741 iko upande wa klachi ya tokikonveta. Kodi za sensa na solenoidi (vali za umeme) zinaweza kuwa nyaya tu, na betri dhaifu imeshawahi kusumbua vichwa vingi.

Kupima kwenyewe, kwa Mark X

Fanya alfajiri. Sisemi hivyo kwa mapenzi ya kuamka mapema. Januari hapa Dar, gari lililolala nje asubuhi lina nyuzi kama 27. Ukiliwasha, dakika si nyingi umeshafika 40 na dirisha la kupimia linakaribia kufungwa. Saa saba mchana, gari lililoanikwa juani halikupi nafasi kabisa. Mafundi wa Njombe na Nairobi wana raha zaidi.

Gari liwe sawasawa kabisa, mbele, nyuma na pembeni. Kuinua pua kwa jeki na kuingia chini ndilo kosa la gereji nyingi: oili yote inalalia nyuma na kipimo ni uongo. Tumia lifti, au shimo, au stendi nne zilizosimama kwenye sakafu ngumu. Injini itakuwa inawaka, kwa hiyo kama uko kwenye shimo hakikisha moshi wa ekzosi una pa kutokea. Gesi ya sumu iliyomo humo inaua bila harufu ya onyo.

Kisha, kabla ya kugusa bolti yoyote ya chini, legeza bolti ya kujazia iliyo ubavuni mwa giaboksi. Nimewahi kuona gari limemwagwa oili yote halafu bolti ya kujazia ikagoma; lilikaa juu ya stendi siku tatu.

Kujua joto, skana nzuri inaonyesha joto la oili ya giaboksi moja kwa moja. Vile vifaa vya bei rahisi vya bluutuuthi mara nyingi husoma joto la maji ya injini tu, usivichanganye. Kama huna skana, Toyota nyingi za namna hii zina njia yake. Kwenye soketi ya uchunguzi chini ya usukani, unganisha tundu namba 4 na namba 13 kwa waya mfupi. Hesabu mara mbili, kwa sababu namba 16 ina umeme wa betri muda wote na ukiigusisha utaunguza kitu. Washa injini, taa kadhaa zitapepesa, usishtuke. Ukiwa umekanyaga breki, pitisha kishikio cha gia taratibu toka P hadi mwisho na urudi, kisha kipeleke N na D, N na D, haraka bila kusita kwa sekunde 6 au zaidi. Taa ya D ikiwaka kwa sekunde 2, umeingia. Rudisha P, toa waya. Kuanzia hapo taa ya D ndiyo stiki yako: ikiwa imezimika, oili bado baridi, ikiwaka na kutulia, ni sasa, ikipepesa, umechelewa, zima usubiri ipoe.

Taa ikitulia, fungua bolti ya kupimia kwenye sampo, ile ya elikii namba 5 yenye neno CHECK karibu nayo. Si bolti ya kumwagia. Hiyo ni kubwa zaidi. Oili kidogo iliyokuwa ndani ya kijibomba itatoka kwanza, na hiyo haihesabiki. Swali ni nini kinafuata. Ikiendelea kutiririka, ilizidi; iache hadi ibaki inadondoka tone kwa tone, ufunge. Ikikauka mara moja, ni pungufu: ongeza kwa pampu ya mkono kupitia tundu la ubavuni hadi ianze kumwagika chini, iache itulie hadi matone, funga kwa washa mpya. Usikaze kwa hasira. Sampo ni bati na bolti ni ndogo.

Kama ulikuwa umemwaga oili yote ya sampo, pima ulichotoa kwenye chombo chenye alama, rudisha kiasi hichohicho kabla hujawasha, ongeza nusu lita juu yake, kisha ndipo ufuate hatua za joto. Pampu isizunguke kavu.

Magari mengine yanavyotofautiana

ZF ya gia 6 inapimwa kwenye tundu la kujazia lenyewe: jaza hadi limwagike injini ikiwa imezimwa, washa, endelea kujaza, pitisha gia zote, na ufunge likidondoka joto likiwa kati ya nyuzi 30 na 50. DSG ya gia 6, ile inayooga oili, ina kijibomba ndani ya bolti ya chini. Nyuzi 35 hadi 45, na oili yake hubadilishwa kila kilomita 60,000. Ile ya gia 7 yenye klachi kavu ni mnyama mwingine, usiifuate kwa maelezo haya. Mercedes ya 722.6 ina bomba lenye kifuniko lakini stiki haimo. Ni stiki ya gereji, ndefu, unanunua au unaazima, na inasomwa oili ikiwa nyuzi 80. CVT za Nissan T32 na Subaru zina bolti ya kufurika kama Toyota, joto 35 hadi 45.

Giaboksi ya mkono ni rahisi mno kiasi cha kuudhi: injini imezimwa, imepoa, gari sawasawa, fungua bolti ya ubavuni, ingiza kidole. Oili iguse mdomo wa tundu.

Kilichotoka kinasema nini

Andika ulichoongeza. Robo lita kwenye gari la miaka 12 ambalo halijawahi kuguswa hainishtui. Lita moja na nusu ina mahali ilipokwenda, na kama katoni ni kavu, mtafute aliyefanya servisi ya mwisho umuulize aliweka lita ngapi.

Dondosha oili kwenye karatasi nyeupe. Nyekundu iliyofifia kuwa kahawia ni uzee. Nyeusi yenye harufu ya kuungua, yenye chembe unazozisikia kati ya vidole, ni klachi zinazokwisha, na oili mpya haitazirudisha. Unga mwembamba kama wino wa kijivu kwenye sumaku za sampo ni wa kawaida. Vipande vyenye ncha si vya kawaida.

Kisha liendeshe siku mbili, barabara ya kawaida, foleni ya kawaida. Usiku wa pili tandika katoni ileile mahali palepale, geuza upande msafi juu. Asubuhi ichukue kabla watoto hawajaikanyaga.